Wakwe Wawili na Mnyama wa Simiti

Kengele ya baiskeli ya Waliaula ilijulikana Nyalenda nzima, na si kwa sababu ya mwendo. Mwenyewe alikuwa mtu wa polepole. Kazi yake ilikuwa bandarini Kisumu, kupaka rangi meli, na jioni alirudi nyumbani akiisukuma baiskeli zaidi ya kuipanda, maana njia za Nyalenda mvua ikinyesha huwa matope ya kunasa ng'ombe. Lakini mwaka ule wa sabini na tatu, akifika kwenye kona ya kisima alisimama, akaanza kupiga kengele, kring, kring, kring, mpaka watu wakatoka kuangalia ni nani anaunguliwa na nyumba. Akishapiga alingoja. Mlango wa nyumba yake ulifunguliwa, mama mmoja mrefu akatoka na leso kichwani, akapita upesi upande wa migomba bila kugeuka nyuma. Hapo ndipo Waliaula alipoingia kwake.

Mama huyo aliitwa Nasipwondi. Alikuwa mama mzazi wa Nelima, mke wa Waliaula.

"Bwana Waliaula," jirani yake Obiero alimwuliza siku moja, akiwa amekaa mlangoni anashona wavu, "huyo mama anakukimbia, ama wewe ndiye unamkimbia?"

"Tunakimbiana."

"Hata sisi Waluo tunaheshimu wakwe, lakini tunawaheshimu tukiwa tumekaa chini."

Waliaula alicheka, akaingia ndani. Angemweleza nini? Kwao Kimilili, katika ukoo wa kina Nelima, mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso. Hawasalimiani kwa mkono, hawali sahani moja, hawalali chini ya paa moja. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani. Nasipwondi alikuwa mshirika wa kanisa la Kikweka tangu usichana wake, na hakukosa ibada. Lakini jambo la mkwe aliliweka mahali pake, kanisa nalo akaliweka mahali pake, na vitu hivyo viwili havikuwahi kugombana ndani yake. Basi tangu siku ya kuoa, Waliaula alimjua mama huyo kwa mgongo tu. Angeweza kuuchagua mgongo ule katikati ya soko la Kibuye siku ya Jumapili. Uso wake hakuujua.

Na alikuwa amekuja Kisumu kwa sababu nzito. Nelima alikuwa mjamzito. Mtoto wao wa kwanza, Nasambu, alikuwa msichana wa miaka mitano, mwenye maneno mengi kuliko meno. Wa pili alizaliwa bila kulia, wakamzika. Sasa wa tatu alikuwa anakaribia, na Nelima alimwambia mumewe wazi kwamba hospitali ipo, wauguzi wapo, lakini yeye anamtaka mama yake karibu. Mama akaitwa, akaja. Akafikia kwa Agneta, mama wa ukoo wao aliyeuza nafaka Kibuye, na kila asubuhi alivuka mji kwa miguu kwenda kukaa na bintiye mpaka kengele ilie.

Kisha Alhamisi moja, wakichagua mawe kwenye wimbi la kusaga uji, Nasipwondi akasema bila kuinua macho, "Jumatatu nitapanda basi."

"Basi la wapi, Mama?"

"La nyumbani. Mji huu unanichosha miguu."

Nelima aliendelea kuchagua. Machozi yakaingia kwenye wimbi, akalazimika kuliosha lote. Alimwomba, akamrai, mama yake akamjibu kila mara kwamba ni miguu. Jioni alipomwambia mumewe, Waliaula alijua moyoni kwamba si miguu. Ni kengele. Ni yeye. Nyumba ilikuwa yake, na mama mkwe alikuwa anafukuzwa humo kila jioni kama kuku aliyeingia jikoni.

Kilichobaki kwa Nelima kilikuwa Jumapili moja tu, naye akaamua kuitumia. Mama yake alikuwa amesikia habari za wanyama wa Oketch na alikuwa akiuliza kama ni kweli. Akiburudika siku moja, labda moyo utalegea.

Huyu Oketch alikuwa fundi mwashi wa Seme, mwenye boma kando ya barabara ya kwenda Kombewa. Ujanani alikuwa amefanya kazi Kisiwa cha Rusinga, akiwachimbia wazungu mifupa ya kale. Walikuwa wakipangusa kila jino kwa brashi kama wanaliamsha usingizini. "Miezi yote hiyo," Oketch alipenda kusimulia, "kumbe wanatafuta nyani! Mimi nikasema, nyani tunao wa kutosha." Baadaye aliona picha ya dinosaria katika kitabu cha mwanafunzi wa shule ya Maseno, akasema, hawa sasa ndio wanyama. Akaanza kuwajenga shambani kwake kwa simiti, mawe, mabomba mabovu na rimu za baiskeli. Wahubiri walimwambia anajenga sanamu za kuabudu. Akawajibu kwamba anayetaka kuabudu kitu kilichojengwa na Oketch, shida ni ya huyo. Waliaula alimfahamu kwa sababu ya rangi. Oketch alikuwa anakuja bandarini kuomba masalio ya chini ya mikebe, na ndiyo maana dinosaria wa Seme walivaa rangi za meli: kijivu juu, na tumboni nyekundu ile inayopakwa sehemu inayozama majini.

Safari ilipangwa kama vita. Waliaula angetangulia alfajiri kwa baiskeli. Nelima, mama yake na Nasambu wangefuata baada ya ibada kwa lori la Oduor, aliyekuwa akibeba samaki na ambaye Jumapili lori lake lilikuwa tupu. Waliaula hakutaka kwenda. Lakini Nasambu alikataa kwenda bila baba, na Nelima alikuwa mzito kiasi kwamba moyo wa mumewe haukukubali kumwacha aende barabarani bila yeye kuwa karibu, hata kama karibu kwenyewe ni nyuma ya dinosaria.

Kwa Oketch hapakuwa na tiketi. Palikuwa na chungu ya mawe kando ya barabara, na kila mgeni alitakiwa kuchukua jiwe moja na kulipandisha mpaka kwa mnyama aliyekuwa akijengwa juu ya kilima.

"Chukueni, chukueni," Oketch aliwaita kina Nelima waliposhuka kwenye lori. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kofia ya kuchimbia mifupa mpaka leo. "Mama mja mzito achukue kokoto tu. Wewe mtoto, chukua linalokutosha. Hapa ukishabeba jiwe, huyo mnyama ni ndugu yako."

Nasipwondi aliinama akachukua jiwe la kujengea msingi, akaliweka kichwani, akatembea nalo wima. Oketch akapiga mluzi.

"Mama, nikipata watano kama wewe, Desemba namaliza."

Wanyama wenyewe walitawanyika shambani kati ya mihogo. Mmoja alikuwa na pembe tatu usoni na macho ya chupa za soda. Mwingine alisimama kwa miguu miwili na mikono mifupi, na mke wa Oketch alianikia nguo hapo. Na katikati ya boma alisimama mkubwa wao, mwenye shingo ndefu kupita mti wa mkuyu, mkia ukifika mpaka zizini. Oketch alimwita Elsie.

"Elsie ni nani?" Nelima aliuliza.

"Mke wangu. Yuko jikoni."

Wakachungulia jikoni, wakamwona mama mfupi mnene asiye na shingo kabisa, anakoroga uji kwa ajili ya wageni.

"Msiniulize mimi," Elsie alisema. "Alikuwa ananibembeleza. Tulikuwa tumekosana."

Waliaula wakati huo alikuwa juu, upande wa zizi, nyuma ya yule mwenye pembe tatu. Mpango ulikuwa kwamba wanawake waangalie wa chini kwanza, kisha wabadilishane, na Nasambu awe mjumbe. Kazi hiyo ya kupeleka maneno ya Kukhu, yaani bibi yake, mtoto aliipenda mno.

"Baba! Kukhu anasema anakuja kuona pembe. Uhame."

Waliaula alihama, akaenda kwa mwenye nguo zilizoanikwa.

"Baba! Kukhu ameghairi. Anataka kuona mwenye nguo. Uhame tena."

"Mwambie Kukhu mimi si mwanasesere."

"Nimwambie hivyo hivyo?"

"La! Usimwambie kitu. Nahama."

Wageni wengine walikuwapo, watu wa kwaya kutoka Kombewa waliokuja na ngoma zao, nao walianza kumtazama mwanamume huyu anayekimbia kutoka mnyama hadi mnyama. Mmoja alimwuliza kama ni mlinzi.

Ndipo ziwa likageuka. Upande wa maji pakawa peusi ghafla, upepo ukaangusha nguo za Elsie zote, na kabla watu hawajaokota viatu, mvua ya mawe ikashuka. Si mawe madogo. Yalikuwa ya kuua kifaranga. Nelima na Nasambu walikuwa karibu na jikoni, wakavutwa ndani. Watu wa kwaya walijifunika ngoma vichwani, wakakimbilia lori. Waliaula aliona shimo chini ya mkia wa yule mnyama mkubwa, akajitupa ndani.

Oketch alikuwa ameliacha tumbo la huyo Elsie wa simiti wazi ili asile simiti yote, na humo aliweka majembe na kuku. Lilikuwa na milango miwili: huo wa mkia, na mwingine mbele, katikati ya miguu, wenye ngazi. Ndani palikuwa giza kama chungu kilichofunikwa. Waliaula alipapasa akapata ukuta, akakaa. Kuku wakalalamika. Juu yake mawe yalikuwa yanapiga simiti mpaka kichwa kikamvuma. Kisha akasikia kutoka upande wa mbele mtu anahema.

"Mvua ya huku ina hasira," sauti ya mwanamke ilisema, kwa Kiswahili kizito cha bara.

Waliaula akadhani ni mama wa kwaya. "Ni mvua ya ziwa, Mama. Haikai. Inapiga, inaondoka."

"Kama mume wa binti yangu."

"Anampiga binti yako?"

"Huyo? Huyo hapigi hata inzi. Anapiga kengele."

Waliaula alishika jembe lililokuwa karibu naye, hakujua la nini. Sauti ikangoja jibu, haikupata. Ikangoja tena.

"Mtu alikuwa anaongea vizuri," sauti ikasema polepole, "nikitaja kengele, ananyamaza."

Kisha Waliaula akasikia nguo zikichakarisha kwenye simiti: mama mkwe alikuwa anageukia ukuta. Naye akageukia wake. Alifikiri kutoka. Akatoa kichwa nje chini ya mkia, jiwe la barafu likamgonga kisogoni, akakirudisha. Mlango wa mbele nao ulikuwa mto mtupu. Kutoka hapakuwezekana, na kukaa hakukuruhusiwa.

Muda ukapita. Kuku mmoja akaja akasimama katikati yao, akijikung'uta maji.

"Wewe kuku," Nasipwondi akasema.

Waliaula akaelewa mara moja. Hata bibi yake mwenyewe, akiwa na jambo la kumwambia mkwewe, aliliambia gogo la moto huku mkwe akiwa nje ya dirisha.

"Kuku, ukimwona mkwe wangu, mwambie sina neno naye. Lakini watu wa Nyalenda wana midomo, nimesikia. Anatoka kazini amechoka, rangi imemwingia mpaka kwenye kope, anasimama kisimani kama mtu aliyekuja kuiba, anangoja mimi nitoke. Mwanamume anaomba ruhusa kwa mlango wake! Mimi nilimtoa binti aolewe, sikumtoa ili mtu afukuzwe kwake. Ndiyo maana naenda. Miguu yangu haina shida. Umenisikia, kuku?"

Kuku alilia kidogo. Waliaula alikohoa, akajikaza. Alikuwa mtu asiyezoea kusema mambo marefu.

"Kuku," akasema, "ukimwona mama mkwe wangu, mwambie kisimani hakunichoshi. Naongea na watu pale, napumzika. Kilichonichosha ni kuingia ndani nikamkuta Nelima ameshika tumbo peke yake, akaniuliza kama huyu atalia. Mimi kazi yangu ni rangi. Nikikosea nakwangua, narudia. Hilo swali sijui kulijibu, kuku. Mwezi mzima alikuwa ananiuliza. Tangu mama yake aje, hajaniuliza tena." Kisha akaongeza, "Nitasimama kisimani mpaka mwakani kama ni hivyo."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Kutoka upande wa mbele ilisikika pua ikivutwa.

"Kuku amesikia," Nasipwondi akasema.

Hapo wangeweza kutoka, mmoja mkiani na mwingine mbele, na mila ingebaki nzima. Lakini Oketch alikuwa mwenyeji mwema, na mwenyeji mwema hawezi kuacha wageni gizani. Alipanda ngazi ya mbele mbiombio na taa ya mafuta mkononi.

"Wageni wangu! Nani yuko humu? Elsie hajawameza?"

Akainua taa. Mtu akiletewa mwanga gizani hugeuka. Hata kondoo hugeuka. Wote wawili waligeuka. Waliaula akauona uso wa mama mkwe wake wote, maji yakimtiririka mashavuni. Ulikuwa uso wa Nelima, ulioongezwa miaka na pengo moja la meno. Naye akaonwa, akiwa amekumbatia jembe, na kinyesi cha kuku begani.

"Mayi we!" Nasipwondi alipiga yowe, akajivutia leso usoni. Waliaula akasukuma kichwa ndani ya kapu la kutagia.

"Nini? Nyoka?" Oketch akarukaruka.

"Mkwe!" Waliaula akajibu toka kapuni.

"Mkwe yuko wapi?"

"Ndiye huyo!"

Oketch alitazama leso, akatazama kapu. Alikuwa na mama mkwe mwenyewe, huko Pap Onditi, na alimwogopa. "Nyasaye!" akasema. "Nimewaharibia." Akapuliza taa.

"Umechelewa, Mzee," Nasipwondi akamwambia gizani.

Nelima alipokuja akipita juu ya barafu iliyotapakaa, alimkuta mama yake amekaa kwenye mguu wa mbele wa mnyama, mumewe amesimama kwenye mkia ametazama zizi, na Oketch katikati anaomba radhi pande zote. Alipoelezwa, moyo ulimwanguka. Kazi yote ya Jumapili imeharibika, alifikiri. Mama yake sasa ataondoka hata akibembelezwa.

"Basi ni basi," alisema kwa sauti ndogo. "Kesho nitakusindikiza stendi, Mama."

"Stendi gani?" Nasipwondi akamtazama. "Umesahau kwenu? Mtu aliyeonana uso na mkwe havuki mto kabla hajaondolewa mkosi. Kuna Yala na kuna Nzoia kati yangu na nyumbani. Unataka nife maji?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nakaa mpaka Wakoli aje na kondoo."

Wakoli alikuwa mzee wa ukoo, ndiye mwenye kazi ya kuondoa mambo kama hayo. Oduor, aliyekuwa anakung'uta barafu kwenye lori, akauliza kwa adabu itakuwaje sasa, maana njia ya kurudi Kisumu inapita mto pale Kisian.

"Ule si mto," Nasipwondi akasema, akipanda lori. "Ni maji yaliyopotea njia."

Jioni ile Kibuye, Agneta aliposikia alikunja uso. "Sharti la mto? Mimi nililisikia kwa watu waliogusana, si walioonana tu."

"Wewe umekaa mjini muda mrefu. Umesahau."

Agneta akamtazama sana, kisha akarudi kupepeta mtama wake. Nelima alikuwa amekaa pale akisikia yote. Akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

Ujumbe wa kumwita Wakoli ulitumwa, lakini haukukimbizwa. Waliaula alimpa mtu wa reli, mtu wa reli akaenda likizo kwanza. Wakati huo Nasipwondi aliendelea kuja Nyalenda kila asubuhi, na Waliaula aliendelea kusimama kisimani jioni, akapewa kigoda na Obiero. Kitu kimoja kilibadilika: mama mkwe hakutoka tena kwa haraka. Alimaliza kupakua, akafunika chakula, akamwambia Nasambu kwa sauti ya kufika nje, "Nyama iko chini ya sufuria ndogo, ugali usipoe," ndipo akashika njia ya migomba.

Uchungu ulimjia Nelima asubuhi moja, Waliaula akiwa juu ya ngazi bandarini. Mama yake alimpeleka hospitali kwa gari la Oduor lenye harufu ya samaki. Alikaa mlangoni, kisha wauguzi walipochoka kumfukuza, alikaa ndani. Mtoto, wa kiume, alilia kabla hajatoka vizuri, akalia akioshwa, akalia akinyonya. Nasambu alimwita Kelele. Waliaula alipofika na rangi mikononi, alisimama nje ya dirisha, mgongo ukutani, akasikiliza kilio hicho mpaka mlinzi akamwuliza anamtafuta nani.

Wakoli alifika wiki iliyofuata, ana kondoo na hasira. Kwa nini hakuitwa mapema? Watu wanaonana uso, wanakaa nayo tu kama homa ndogo? Aliwasimamisha nyuma ya nyumba, mgongo kwa mgongo, kondoo katikati, akasema maneno yake na kufanya kazi yake, akawanyunyizia wote wawili majimaji ya tumboni mwa kondoo. Ikaisha. Baada ya hapo wangeweza kusalimiana kwa mbali, bila mikono.

"Sasa mama, chukua mzigo wako twende," Wakoli akasema, akifunga ngozi ya kondoo. "Njia iko wazi."

Nasipwondi alikuwa amempakata mtoto, anamcheulisha.

"Tangulia tu," akasema. "Huyu kitovu chake hakijaanguka."

Wakoli alirudi Kimilili na ngozi. Nasipwondi alibaki mpaka ilipokuja habari kwamba magugu yamefunika mahindi yake, na hata hapo alikasirika sana, akasema majirani zake wa shamba ni wavivu.